Kitabu cha Miguu

Kitabu kilikuwa tayari kwa kila kitu isipokuwa ruhusa ya mwenye miguu.

Picha zilishachorwa, rangi zilishakauka, na kwenye mtambo wa chapa kilikuwa kimetengewa nafasi wiki iliyofuata. Lakini mhariri, mama mmoja mpole ambaye miwani yake hukaa kichwani muda wote huku akiitafuta mezani, alikuwa amesema neno moja na hakulirudia. Hadithi ni ya mtu aliye hai, na mtu aliye hai ana mdomo. Asiposema ndiyo, hatuchapi hata jalada.

Na mwenye kusema hiyo ndiyo alikuwa Shangazi, ambaye ndiyo yake ni adimu kama maziwa ya kuku.

Aliyekiandika kitabu ni mpwa wake, mwalimu wa chekechea. Shuleni walimwita Mwalimu Vina, kwa sababu hakuweza hata kuwaambia watoto wanawe mikono bila kutafuta neno la kufanana nalo. "Kila mtu bombani, uchafu nje si ndani." Walimu wenzake walimcheka, watoto wakanawa. Basi mtu wa namna hiyo akiwa na shangazi aliyewahi kujaza kumbi kwa densi ya viatu vya chuma, unategemea aandike nini? Risiti?

Kwa asiyeijua densi hiyo, kiatu chake kwa juu ni kiatu tu. Siri iko chini: kibati cha chuma kwenye ncha, na kingine kisiginoni. Mchezaji haimbi wala hapigi kinanda. Sakafu ndiyo ngoma yake na miguu ndiyo mikono. Shangazi aliicheza mpaka watu wakasahau kumwita kwa jina lake, wakamwita Vishindo, na yeye mwenyewe akalisahau jina hilo la kwanza kwa furaha kubwa.

Siku hizi Vishindo alikuwa anaishi chumba cha chini kwenye jumba la ghorofa. Alihamishiwa huko na majirani. Alipokuwa juu, wa chini walilala wakiota mvua ya mawe. Sasa yuko chini, na analalamika yeye: "Hawa wa juu wanatembea ovyo. Mtu mzima, kutoka kitandani mpaka chooni, hana mapigo hata mawili yanayoelewana."

Mpwa alifika kwake alasiri akiwa na karatasi kifuani kama mtu aliyebeba mayai. Chai ikanywewa. Kisha Shangazi akainuka, akavaa viatu, akapanda juu ya mlango.

Ndiyo, mlango. Ulikuwa umelazwa katikati ya sebule, bila kitasa. Zamani ulikuwa wa chumba cha kulala, ila Shangazi aliugonga siku moja akaipenda sauti yake, akaung'oa. Chumba cha kulala kikabaki na pazia, naye akasema nani atamchungulia katika umri ule, na umri wenyewe haukuulizika.

"Shangazi, nimekuletea kitabu usome," mpwa akasema. "Viatu vya nini?"

"Kwani wewe unasomea wapi?"

"Machoni."

"Haya. Mimi nasomea hapa." Akapiga ncha ya kiatu. "Soma kwa sauti. Ikipita mguuni, imepita."

Mpwa akakohoa, akafungua ukurasa wa kwanza.

*Kiatu kina kidole,*
*kikigonga polepole,*
*chuma chake kiko mbele,*
*nyumba yajaa kelele.*

Miguu ya Shangazi ikaanza kufuata chini yake, kwa heshima, kama mgeni anayeonjaonja chakula cha watu. Mpwa akapata nguvu. Akasoma ukurasa wa pili, wa tatu, akafika pale alipopapenda kuliko pote, mahali ambapo watu wa jumba zima wanajiuliza sauti inatoka wapi.

*Nani anabisha hodi?*
*Tiki taka, tiki taka!*
*Ni mvua ama radi?*
*Taka tiki, taka taka!*

Miguu ikasimama.

Mpwa akaendelea mistari miwili zaidi, kama gari lililozimwa ambalo bado linateremka mlima, kisha naye akanyamaza.

"Endelea," Shangazi akasema. "Mimi ndiye niliyesimama, si wewe."

"Kuna nini?"

"Hakuna pa kukanyaga. Umejaza maneno mpaka ukingoni. Mguu wangu ukitaka kusema, unakuta mdomo wako umeshasema. Sasa niko hapa juu ya mlango nafanya nini, nangoja basi?"

"Lakini hiyo ndiyo sauti ya viatu vyako, Shangazi."

"Nani kakwambia viatu vyangu vinasema tiki taka? Hiyo ni saa ya ukutani."

Mpwa akajaribu kuokoa jahazi kwa ubeti wa mwisho, ule ambao alipoumaliza alijifuta machozi kwa kona ya kitambaa cha meza.

*Nyota yetu, taa yetu,*
*johari ya mji wetu,*
*hana mfano kwa watu,*
*malkia wa viatu.*

Shangazi akamtazama kwa huruma. "Malkia wa viatu ni mwenye duka," akasema. "Mwanangu, vina unavijua, sikunyimi haki yako. Lakini mimi siwezi kukubali kitabu kinachonishinda kucheza. Watu watasema Vishindo kazeeka, hata shairi la watoto linamtupa."

Kumbe hapo ndipo palipouma. Mpwa akakusanya karatasi zake. Alikuwa amelelewa na mama huyu tangu akiwa na meno ya utotoni, akijua kwamba ukibishana naye unamwongezea stimu. Lakini kimya nacho kilimshinda.

"Watoto wa darasa langu wanakipenda," akasema akiwa mlangoni. Mlango uliosimama, si ule mwingine. "Nikiwasomea wanatulia mpaka unasikia nzi."

"Wanatulia?"

"Kimya kabisa. Hatikisiki mtu."

Uso wa Shangazi ukawa kama wa mtu aliyeambiwa kwamba wageni wake walikula wakatapika wote.

"Kesho nakuja," akasema. "Mwambie na huyo wa miwani aje, nisije nikatoa jibu mara mbili."

Asubuhi Mwalimu Vina alipanga darasa kama anayengoja mkaguzi. Mikeka ikanyooshwa, pua zikafutwa, msichana mmoja aliyezoea kutafuna ukosi wa sare yake akaombwa autoe mdomoni kwa siku hiyo tu. Kisha akatoa amri ya saa ya hadithi, ambayo ilikuwa fahari yake, kwa maana ilimchukua muhula mzima kuifundisha:

"Masikio wazi kabisa, miguu kunja sasa."

Miguu yote ikakunjwa, mikono ikaingia mapajani. Darasa likawa kama rafu ya vikombe.

Shangazi alikuwa ameketi kwenye kiti cha kitoto, magoti yakimfika kidevuni, mhariri pembeni yake akijipapasa kutafuta miwani. Mpwa akasoma. Alisoma vizuri, Mungu anamwona, akipandisha sauti panapopanda na kuishusha panaposhuka, akiinua picha kila mtu aione. Watoto wakatazama. Tiki taka ikapita, taka tiki ikapita. Nzi akapita pia, wakamsikia. Ubeti wa malkia ukafika, na mhariri akapiga makofi peke yake, makavu kama kikohozi.

"Mmependa?" Mwalimu akauliza.

"Tumependa, Mwalimu," darasa likajibu kwa sauti moja, sauti ileile wanayojibia wakiulizwa kama wamepiga mswaki.

Shangazi akainuka kwenye kiti kidogo kwa hatua, kama mtu anayetoka kwenye shimo. Hakuwaangalia watoto. Alimwangalia mpwa wake.

"Umeandika kitabu cha miguu," akasema taratibu, "halafu unakisoma miguu ikiwa imekunjwa."

Mhariri akaacha kutafuta miwani.

"Ni saa ya hadithi," mpwa akasema. "Ndivyo tunavyokaa."

"Naona. Hebu niambie. Hizi tiki taka ulizitoa wapi?"

Mpwa akaona haya mbele ya watoto, lakini watoto wana subira kwa habari za wakubwa, wakamngoja. "Kwako," akasema. "Ukumbini hukuwahi kunipeleka, ulisema ni mambo ya wakubwa. Mimi nilikuwa nakusikia ukifanya mazoezi. Kitanda changu kilikuwa kimeegemea ukuta wako. Nilikuwa najaribu kuyakamata yale mapigo kwa maneno ili nisiyasahau. Kila nilipojaribu, yalitoka hivyo. Tiki taka."

Shangazi akainama, akawa anarekebisha kamba ya kiatu ambayo haikuwa na kasoro.

"Ukayakamata kwa maneno kwanza?" akauliza. "Pale kitandani, kabla ya maneno, ulikuwa unafanya nini? Ulilala tu kama hivi?" Akawaonyesha watoto walioketi kama vikombe.

"Hapana." Mpwa akacheka bila kupanga. "Nilikuwa nagonga ubao wa kitanda kwa visigino. Ukigonga wewe, nami nagonga. Ukinyamaza, nagonga tena ili uendelee."

"Ala. Nami nikidhani ni panya."

Darasa zima likacheka, kwa sababu neno panya likitamkwa na mtu mzima huwa linachekesha.

"Nilikuwa nanyamaza makusudi," Shangazi akasema, "nimsikie huyo panya kama bado yupo. Sasa kiko wapi hicho kitu kwenye kitabu chako? Mbona umeniacha nigonge peke yangu toka mwanzo mpaka mwisho, halafu ukanipa taji ili ninyamaze?"

Mpwa akazitazama karatasi. Ile mistari ya tiki taka aliikeshea miaka. Alikuwa ameifuta na kuirudisha, ameipima kwa vidole, ameitamka bafuni maji yakimwagika. Ndiyo iliyokuwa mali yake ya pekee kutoka upande ule wa ukuta. Akachukua kalamu nyekundu ya kusahihishia, akaikata. Mmoja, na mwingine, na mwingine. Mhariri akatoa mguno mdogo wa mtu anayeona picha alizolipia zikichanwa, lakini hakusema kitu. Kalamu ikashuka mpaka kwenye ubeti wa malkia.

"Huo nani kakutuma uuguse?" Shangazi akasema.

"Si ulisema malkia wa viatu ni mwenye duka?"

"Nilisema. Sikusema ufute. Una haraka gani?"

Mpwa akauacha ubeti mahali pake, akiuma midomo. Kisha akawageukia watoto. Akajua analotaka kusema, akakosa kina cha kulisemea, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze akalisema kavu:

"Kunjueni miguu."

Watoto wakatazamana. Hii ilikuwa mpya. Msichana wa ukosi ndiye aliyekunjua kwanza, mguu mmoja, akiwa tayari kuurudisha ikiwa ni mtego. Shangazi naye akaondoka kwenye mkeka, akasimama pale saruji ilipokuwa tupu.

"Mimi nasoma," Mwalimu akasema. "Nikinyamaza, si kwamba nimesahau. Haya."

*Nani anabisha hodi?*

Akanyamaza. Hakuwahi kuacha mstari ukae uchi namna ile. Shangazi akagonga saruji, kifupi, ncha na kisigino, akaacha. Akasubiri. Akainua nyusi.

Kisigino cha kiatu cha shule kikagonga sakafu. Kingine kikafuata, kikiwa kimechelewa, na kingine kikiwa kimewahi mno.

*Ni mvua ama radi?*

Sasa vilikuwa vingi, na havikuelewana hata kidogo. Mmoja alikuwa anagonga kwa magoti. Shangazi akavijibu vyote kwa pamoja, akivipitia katikati kama mtu anayechana nywele zilizosokotana, na alipovimaliza vilikuwa vimekaribia kuwa kitu kimoja.

*Ni mbuzi juu ya ngazi?*

Hapo hawakungoja hata kimya kianze. Madawati yaliyopangwa ukutani yakatetemeka. Mhariri alikuwa akigonga kwa kiatu kimoja huku akiangalia kando, kama mguu si wake.

*Hapana, huyo Shangazi.*

"Tena," msichana wa ukosi akasema, na hakusema kwa sauti ya mswaki.

Wakarudia. Wakarudia tena, na Mwalimu mwenyewe akagundua kuwa anasoma akiwa amesimama, na kwamba karatasi zinarukaruka mikononi kwa sababu ambayo haikuwa mikononi. Mhariri akajipenyeza mpaka kwa Shangazi, akainama sikioni.

"Mama, mtambo unatungoja. Niandike umekubali?"

Shangazi akagonga tena. Alikuwa na kazi.

Ndipo mlango ukafunguliwa na mwalimu mkuu akaingia, daftari kwapani, uso umekunjamana kama wa mtu ambaye ofisi yake iko upande wa pili wa ukuta uleule. Miguu ikakunjwa ghafla, yote, hata ya yule wa magoti. Mwalimu Vina akabaki katikati ya darasa na kalamu nyekundu mkononi.

"Hizi kelele," mwalimu mkuu akasema, "ni za nani?"

Vishindo akajinyoosha, akajifuta jasho kwa kiganja, akapiga hatua mbili za chuma mbele ya mpwa wake kama anayemkinga na mvua.

"Ni za kitabu," akasema. "Mwandishi wake huyu hapa. Kinachapwa wiki ijayo, kwa hiyo, mkuu wangu, nakushauri uanze kuzoea."

Nyuma yake mhariri aliinua mkono kichwani, akaikuta miwani, akaivaa, akaanza kuandika.