Kibao cha Mama Raïssa

Générose alipoondoka Kigali kwenda Ubelgiji kumlea mjukuu, alisema atarudi mtoto akianza kutembea. Mtoto sasa anakimbia, ameshapata na mdogo wake, na Salvator bado anapika chai ya mtu mmoja katika nyumba yao ya mtaa wa Kimironko.

Salvator ni seremala. Karakana yake iko Kinyinya, ambako nyumba mpya zinachomoza kila upande, na kazi yake kubwa ni milango. Siku moja alikuwa anafagia vipande vya mvule na mninga vilivyobaki, akamkumbuka mkewe akilalamika kwamba vibao vya plastiki vya jikoni kwa binti yao Raïssa vinamharibia kisu. Akaacha kufagia.

Aliamua kumtengenezea kibao cha kukatia, cha ile namna ngumu: vipande husimamishwa wima, nyuzi za mti zikatazama juu, ili kisu kiingie katikati yake bila kuacha kovu. Alipasua vipande vyembamba, akavigundisha, cha kahawia kando ya chekundu, akavikata mkingamo, akavisimamisha, akavigundisha tena. Mara ya kwanza haraka ilimponza. Alifungua vibano kabla gundi haijashika, kibao kikaachia kwenye maungio. Akaanza upya. Hakuna mlango uliowahi kumsumbua hivyo. Alipiga msasa mpaka uso ukateleza, na alipopaka mafuta, rangi za mbao zikaamka zote kwa pamoja. Akajikuta anaita, "Mama Raïssa, njoo uone!"

Karakana ilikuwa tupu.

Jirani yao Trinah alikuwa anasafiri kikazi kwenda Brussels, akakubali kukibeba. Jumapili baada ya misa, akiwa jikoni, Salvator alimpigia mkewe simu ya video, akainua kibao mbele yake.

"Kizuri mno, Papa Raïssa," alisema Générose. Walizungumza Kiswahili cha Buyenzi, mtaa wa Bujumbura walikokulia na kupendana.

"Trinah anakuletea wiki hii."

"Usimpe."

"Hukipendi?"

"Nakipenda. Lakini jiko la huku ni la Raïssa. Hapa nakata vitunguu kama mgeni. Ukinitumia kibao changu, utakuwa umenihamisha. Kiweke jikoni kwetu."

Salvator akauliza swali ambalo siku zote aliogopa kuliuliza, asije akaonekana anawaonea wivu wajukuu.

"Basi utarudi lini?"

"Sijui," alisema Générose. "Huyu mdogo hata kukaa bado, na Raïssa amesharudi kazini. Sitaki kukudanganya."

Salvator akaitikia kwa kichwa.

"Una kitunguu hapo?" aliuliza mkewe.

"Kipo."

"Simamisha simu. Kata nikuone."

Akaegemeza simu kwenye chupa ya mafuta, akakata. Macho yakamwasha.

"Vyembamba, bwana! Unapasua kuni?"

Wakacheka wote wawili, mpaka mtoto huko Ubelgiji akaamka, akaanza kulia. Générose alimlaza begani, akarudi kwenye simu.

"Kabla sijakata simu, nisogezee kibao nikione vizuri."

Salvator alipangusa kibao, akashika simu juu yake, karibu, mpaka mbao zikajaa kioo kizima. Générose alikuwa anatazama tu, akimbembeleza mtoto, na Salvator aliendelea kuishika simu hivyo hata mkono ulipoanza kufa ganzi.