Swali la Saba

Kila asubuhi nafungua ofisi, nafuta vumbi kwenye simu, napanga fomu za waombaji kwa tarehe, kisha nakunywa chai kabla bosi hajaingia. Siku ile chai haikufika mdomoni. Fundi cherehani mmoja aliingia, mkanda wa kupimia ukiwa bado shingoni, akaniuliza kwa upole ana kasoro gani.

Alikuwa na haki ya kuuliza. Tulishamnyima nyumba mbili. Sasa alikuwa ameomba ya tatu, ya chini, isiyo na ngazi hata moja. Anaishi na mama yake ghorofa ya tatu, na magoti ya mama yamegoma. Tangu mwezi uliopita hajakanyaga nje. Jibu lilikuwa litoke saa sita mchana.

Kazi yetu ni kuwachuja wapangaji kwa niaba ya wenye nyumba wasio na muda. Tunatazama kitambulisho na barua ya kazi, halafu nampigia simu mwenye nyumba wa sasa na kumsomea maswali saba. Nasoma neno kwa neno, maana nikizungumza na mgeni bila karatasi sauti hunipotea. Bosi huangalia majibu sita ya kwanza. Akikuta baya, fomu inaingia kwenye faili jekundu, na mwombaji haambiwi kilichosemwa.

Nilimwomba fundi asubiri kwenye benchi la nje, nikatoa fomu zake za zamani. Mwenye nyumba wake, bibi mjane, alikuwa amesema fundi ana kelele, mapishi yake yananuka, na mama yake ni mkorofi. Mara ya pili alisema fundi ni mkimya kupita kiasi na hapiki kabisa. Swali la saba lilikuwa: ungempangisha tena? Mara zote mbili nilikuwa nimeandika, kwa mkono wangu: Ndiyo, hata leo.

Bosi alipofika nilimwonyesha. Akasema watu ni vigeugeu, utaratibu ni utaratibu, nipige simu ya tatu.

Bibi alipokea akiwa amejiandaa. Safari hii fundi alikuwa anafuga kuku chumbani. Nilimwuliza wangapi. Akafikiri.

"Wanne," akasema. "Na jogoo."

Niliandika: wanne na jogoo. Tukaendelea hadi la saba.

"Ndiyo, mwanangu. Hata leo."

"Pamoja na kuku?"

Hilo halikuwemo kwenye karatasi. Bosi aliinua macho. Nilihisi masikio yakiniwaka.

Nyuma ya bibi sauti ya mwanamke mwingine iliuliza nani huyo, na kama ni wale wa nyumba, na kama mwanawe amepata. Bibi akamjibu kwamba si mtu, anywe chai yake.

Nilimwuliza kama huyo ndiye mama mkorofi. Akasema ndiye. Akasema pia kwamba yeye bibi hupanda kwa mama huyo kila asubuhi kunywa naye chai, miaka tisa sasa, na kwamba ngazi zile si mchezo.

"Yeye hawezi kuzishuka, bibi," nilisema.

"Najua."

Kalamu yangu ilikuwa bado juu ya karatasi. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na nusu.

"Futa hao kuku, mwanangu," akasema. "Hawana kosa, fundi wala mama yake. Ni mimi tu sitaki waondoke."