Mfungo wa Ishirini na Nne

Kwa miaka kumi na minne nimempikia Mzee Dhirajlal na mkewe, Mama Nilesh, nyumbani kwao Levolosi. Jambo lililonichukua muda mrefu kulielewa ni kwamba siku yao ya kufunga ndiyo siku ya kazi nyingi jikoni. Wanaiita Ekadashi: siku ya kumi na moja tangu mwezi uandame, na tena ya kumi na moja tangu uwe mpevu. Siku hiyo hawagusi nafaka wala chochote cha jamii ya maharage. Lakini viazi ruksa, karanga ruksa, maziwa, matunda, na zile punje nyeupe za wanga wa muhogo. Sisi Walutheri wa Nkoaranga tukifunga, jiko linapoa. Kwao nilimenya viazi mpaka vidole vikakunjamana. Kila mtu na Mungu wake wanajuana.

Mwaka juzi Mama Nilesh aliugua sana, akapona, na Mzee akaweka nadhiri: Ekadashi zote ishirini na nne za mwaka mmoja, mfululizo. Akikosea moja, anaanza upya. Mara ya kwanza alianguka kwenye ya nane, kwa sababu ya kitumbua. Mara ya pili alifika ya kumi na tano, akala sambusa tatu harusini ndipo akakumbuka.

"Mume wangu ana imani kubwa," Mama Nilesh alizoea kuwaambia wageni, "ila mdomo wake ni wa dini nyingine."

Safari hii alifika ishirini na tatu. Ikabaki moja.

Wakati huohuo mama yangu, Bibi Elieshi, alikuwa anatimiza miaka themanini, na sisi watoto tulipanga shukrani nyumbani kwake Nkoaranga Jumapili. Nikamkaribisha Mzee. Akaitazama kalenda ya jikoni, ile anayotumiwa kila mwaka na shemeji yake kutoka Rajkot, India, akaguna.

"Tabea, Jumapili ndiyo ya ishirini na nne."

"Si utakula ndizi, Mzee?"

"Niyaone makande ya mama yako niyaache? Mimi ni binadamu."

Nikaenda kuomba shughuli isogezwe. Kaka yangu Mikaeli alinuna.

"Yaani Mhindi mmoja anahamisha ukoo mzima?"

"Huyo Mhindi mmoja ndiye aliyenikimbiza hospitali na gari lake," mama akamjibu, "wewe ukiwa bado unatafuta viatu."

Shughuli ikawa Jumamosi.

Mzee alifika saa saba mchana, amevaa suti. Tangu jana yake mchana hakuwa ametia kitu tumboni ila chai ya maziwa. "Nimeacha nafasi," aliniambia, akijipapasa. Mama alikuwa amempikia chungu chake peke yake, mahindi na maharage na mtindi juu, bila mfupa wala mafuta ya nyama, maana Mzee hali nyama. Akampakulia kwa mkono wake kabla ya watu wote, akaketi mbele yake ili amwone akila.

Mzee akatia kijiko cha kwanza mdomoni. Simu ikalia.

Alikuwa Mama Nilesh, aliyebaki nyumbani kwa sababu ya magoti yanayomuuma. Mama Nilesh anaamini kwamba Nkoaranga ni mbali, hivyo sauti lazima isukumwe. Sote tulimsikia.

"Baba Nilesh! Ekadashi ni leo!"

"Kalenda..." Mzee alisema, mashavu yamejaa.

"Kalenda ni ya Rajkot! Hekaluni wametuma ujumbe tangu juzi, wewe kundi lao umelizima eti wanatuma maua mengi. Siku inahesabiwa kwa jua linapochomoza pale ulipo! Siku ya mwezi ya kumi na moja imeingia leo alfajiri, wakati jua la India limeshatoka, la kwetu bado. Kwa hiyo kwao ni kesho, kwetu ni leo! Umekula nini?"

"Bado," Mzee akasema. Ukihesabu kwa makini hakudanganya. Kijiko kile kilikuwa bado mdomoni.

Akakata simu, akabaki ametulia kama picha ya pasipoti.

"Mbona hutafuni, baba?" mama akauliza. "Hayajaiva?"

Mzee akatikisa kichwa, kisha akakubali kwa kichwa, kisha akanitazama mimi. Nikaelewa. Akimeza, anarudi kwenye moja. Akitema, anatema chakula cha bibi wa miaka themanini mbele ya ukoo uliohamishiwa siku kwa ajili yake.

"Jamani!" Mzee Solomoni, mzee wa kanisa, akasimama. "Hatujaombea chakula!"

Sijawahi kumpenda Mzee Solomoni kama siku ile. Sala yake ilianzia kwenye uumbaji. Tuliinamisha vichwa. Alipofika kwa Nuhu nikasikia leso ikichomolewa. Alipofika kwa wana wa Israeli nikasikia mtu akikohoa taratibu. Tuliposema amina, mashavu ya Mzee yalikuwa yamerudi mahali pake, na mfuko wa suti umevimba.

Mama alikuwa anamtazama. Mama hafumbi macho kwenye sala tangu alipoibiwa kuku siku ya ubatizo wa Mikaeli.

"Chakula changu kina nini?" aliuliza polepole.

"Mama, chakula chako hakina kosa," Mzee alisema. "Kosa ni langu, na la jua kidogo." Akamweleza yote: ugonjwa wa mkewe, nadhiri, kitumbua, sambusa, kalenda. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Na ndizi je?"

"Ndizi ruksa, mama."

"Viazi?"

"Ruksa."

"Maziwa? Parachichi?"

"Ruksa."

"Basi mimi nimefunga tangu nizaliwe," mama akasema, akainuka kwenda kumchomea ndizi mwenyewe.

Alikula ndizi tisa. Najua, kwa sababu Mikaeli alizihesabu kwa sauti. Akashushia na vikombe viwili vya maziwa.

Lakini wakati wa kuaga uso wake haukuwa na raha.

"Tabea," alininong'oneza, "mate nilimeza. Kama kipande cha punje kilipita nayo? Imehesabiwa au haikuhesabiwa?"

Mama alikuwa nyuma yetu, na masikio yake bado ni mazima.

"Nilikuwa nalitazama koo lako," alisema. "Hakikupita kitu."

"Una hakika, mama?"

"Mimi nina themanini, nitafika kabla yako. Nitamwambia Mungu kwamba ulitema yote, nilikuwepo."

Mzee akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Ila akiniuliza baadaye ulikula nini, sitadanganya. Nitasema ndizi tisa."

Mzee akafikiri kidogo.

"Mwambie zilikuwa ndogo, mama."