Ukuta wa Nyuzi Nne

Ruphin alipenda hesabu kwa sababu hesabu haimnunii mtu. Mwaka juzi, katika kituo kidogo cha hali ya hewa pembeni mwa Lubumbashi, ndiye aliyekadiria baridi kali kuliko zote ambayo wodi mpya ya watoto njiti ingekutana nayo. Alichukua madaftari ya miaka thelathini, akapiga hesabu, akatia sahihi: kushuka chini ya nyuzi nne, labda mara moja kwa miaka mia. Mashine za kupasha joto zikanunuliwa kwa kipimo hicho. Sasa ilikuwa Juni, na mjukuu wake wa kilo moja na robo alikuwa amelala humo.

Alhamisi anga halikuwa na wingu hata la dawa, na upepo mkavu ulivuma kutoka kusini. Hofu ikamrudisha kwenye madaftari. Nne kamili, nne kamili, nne kamili, mara arobaini na moja. Tatu haikuwepo hata moja. Baridi gani hiyo inayopiga hodi miaka thelathini bila kuingia? Mwaka juzi namba hizo hizo alizipita kama kipofu.

Alikwenda mtaa wa Katuba kwa mzee Stanislas, mpimaji wa kituo aliyestaafu, akamkuta anaota jua, akamfungulia daftari kwenye zile nne.

"Papa, hii ine yote ilitoka wapi?"

Mzee alitazama mikono yake. "Siku moja nilisoma moja na nusu. Chef wa kituo akanifokea mbele ya bantu bote ba kazi: 'Ulikunywa pombe ya lutuku? Mu Lubumbashi hakuna glace, hakuna barafu!' Nilikuwa na batoto saba, Ruphin. Toka ile siku, ikishuka chini ya ine, naandika ine."

"Na ilikuwa inashuka?"

"Ilikuwa inashuka, mwana."

Ruphin alimpigia simu mkurugenzi wa hospitali, akamwambia mashine hazitatosha usiku ule.

"Monsieur Ruphin, signature ni yako. Leo unataka nihamishe batoto juu ya maneno ya muzee? Mu Lubumbashi hakuna glace!"

"Ndiyo, chef" ilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Aliogopa kazi yake, aliogopa jina lake, lakini alimwogopea mtoto zaidi. Akakata simu, akaenda wodini.

Mama saba walikuwa wanajiandaa kulala. Aliwaomba wawatoe watoto vitandani, wawafunge kifuani kwa vitenge, ngozi kwa ngozi, blanketi juu. Muuguzi alinuna, ila hakuwazuia.

"Papa, si ulisema mashine itatosha?" aliuliza binti yake, Angélique.

"Nilikosea, mama. Mufunge mutoto. Usimufungue mupaka jua itoke."

Alfajiri alimkuta Stanislas kituoni, amevaa koti la zamani la kazi. Nyasi zilikuwa nyeupe. Kipimo kilisoma nusu nyuzi chini ya sifuri. Ruphin alimpigia binti yake simu, ikaita, ikaita.

"Mashine zilishindwa na baridi, zikazimika saa tisa, Papa," Angélique alisema, akilia. "Batoto bote saba beko bazima. Wangu ananyonya."

Ruphin alifungua daftari, akatafuta mstari wa siku hiyo. Mzee akaichukua kalamu.

"Leta, niandike miye."

Akaandika namba ile jinsi ilivyo, akikandamiza hadi karatasi ikakaribia kutoboka, kisha akaweka jina lake pembeni.