Goti na Mwenye Goti

Vumbi lilikuwa likielea katika mwanga wa dirisha, jepesi, la dhahabu, mlango uliposukumwa bila hodi. Ukaingia wewe, nisiyekujua, jasho la mazoezi ya dansi likikutiririka shingoni.

"Wewe ndiye wa kusikiliza watu?"

"Ndimi, dada. Karibu."

"Nimekuja kukaa tu. Usianze kunihurumia."

Ukakaa kati ya magauni ya jukwaani, maana chumba cha ushauri walichonipa kilikuwa stoo ya mavazi. Nami, mwenye shahada ambayo wino wake haujakauka, nikakuuliza unajisikiaje.

"Goti limetulia. Nyonga inasumbua kidogo."

"Nimekuuliza wewe."

"Ndiyo mimi huyo, mdogo wangu. Kuna mwingine?"

Ukacheka. Hapo hasira ikaniingia, na mpaka leo haijapata mlango wa kutokea.

Nani alikufundisha kujitaja kiungo kiungo, kama mbuzi aliyetundikwa buchani? Goti lina barafu. Nyonga ina mchuaji. Kifundo kina bendeji. Moyo una nini? Moyo una amri moja: tabasamu. Umemzika mama jana: tabasamu. Hulali, chakula hakipiti: tabasamu, watu wamelipa.

Ulisema kwa sauti ndogo, ukichezea pindo la gauni lisilo lako: "Muziki ukianza, natamani sakafu inimeze." Kisha ukanishika mkono. "Baba asijue. Akijua, ataniondoa kwenye ziara, na mimi sijui kuwa kitu kingine."

"Hayatoki humu, dada."

Baba! Ndivyo mnavyomwita mkurugenzi wa kundi. Aliniita ofisini, akanivutia kiti.

"Mwanangu, sisi ni familia. Niambie tu, yule ataimaliza ziara, au nimwandae mwingine?"

"Aliyoyasema ni yake, mzee."

"Chumba ni changu."

"Chumba, ndiyo."

"Basi acha ufunguo."

Nikauweka mezani. Kazi yangu ya kwanza, niliyoiota miaka yote ya chuo, ikalia kwenye kioo cha meza: kling.

Familia gani hii, inayomjua mtoto kwa miguu yake tu? Baba gani huyu, anayetaka kujua kama mwanawe amevunjika ili amtafute wa kumrithi? Nauliza kwa hasira, na sitaipunguza makali ili wenye viti vya mbele wasinune.

Jumanne, saa tuliyokuwa tumepanga kukutana tena, nilikaa kwenye ngazi za nje. Ukatoka mazoezini, ukaniona, ukaketi. Jina lako bado lilikuwa kwenye orodha ya ziara. Langu halikuwa popote.

"Unajisikiaje, dada?"

Ukafungua kinywa kutaja goti, ukakifunga.

"Nimechoka," ukasema. "Mimi. Mwenye goti."

Lori likapita. Vumbi likatushukia mabegani, zito, la kijivu, halina dhahabu hata chembe. Ulikuwa unalia, na hukutabasamu, na hakuna aliyekuambia utabasamu.

Vumbi hatukulipangusa.