Mita Iliyokataa Kupatikana

Mwalimu Mugure alikuwa amekatazwa kusema. Bwana Erupe, mwenyekiti wa kamati ya ufadhili, alimwonyesha kiti cha pembeni karibu na dirisha, kisha akamsubiri aketi ndipo amwambie.

"Ukifungua kinywa, Mwalimu, hata ukikohoa kwa namna tusiyoielewa, tutahesabu umemsaidia mwanafunzi wako. Na hapo atakuwa ameondolewa."

Mugure akaitikia kwa kichwa. Walikuwa wametoka Kakuma alfajiri, yeye na mwanafunzi wake Nyanut, kwenye gari la parokia, na njia nzima hadi Lodwar msichana hakutamka neno. Sasa alikuwa amesimama mbele ya ubao, mrefu, mkimya, sare yake imefuliwa hadi ikapauka.

Kosa lake lilikuwa kupata jibu. Katika mtihani wa ufadhili wa chuo kikuu, watungaji walikuwa wameweka swali moja lisilofundishwa kidato cha nne: chukua kasi ya nuru, namba ya mvutano ya Newton na namba ya Planck, uzichanganye mpaka zitoe urefu. Kaunti nzima alilipata mmoja tu, na huyo alikuwa msichana wa kambini ambaye wazazi wake walikimbia vita Sudan Kusini. Alilitoa wapi? Swali hilo lilizunguka ofisi hadi ofisi, na kila lilipopita lilinenepa. Mwishowe ikasemwa wazi kwamba Mugure ndiye aliyemvujishia, na kamati ikaamua msichana apimwe upya mbele yao.

Ukweli haukuwa na makuu. Shuleni kwao vitabu vilikuwa haba, basi Mugure alikuwa akiwaambia wanafunzi wake: ukisahau fomula, uliza vipimo. Mita haijumlishwi na kilo. Upande huu wa mlingano ukiwa na sekunde, na ule lazima uwe nazo. Wengi waliandika maneno hayo wakayasahau. Nyanut aliyashika. Alikuwa akizichukua zile namba za maumbile zisizobadilika, moja baada ya nyingine, akizifumua kuwa mita, kilo na sekunde, kama mtu anayefumua sweta kuukuu apate uzi wa kufumia nyingine.

"Tuanze," alisema Erupe. "Daktari Kipngeno."

Kipngeno alikuwa mhadhiri wa fizikia, ameletwa kutoka Eldoret kwa kazi hiyo moja. Aliinuka bila haraka, akachukua chaki, akaandika ubaoni herufi nne. Chaji ya elektroni. Epsiloni, ile namba ya nguvu za umeme katika ombwe. Namba ya Planck. Kasi ya nuru.

"Hizi nne tu," alisema. "Nitolee urefu. Una nusu saa."

Akarudi kuketi, akakunja mikono.

Nyanut alianza kuandika vipimo vya kila herufi, pole pole, na Mugure akaona vyote ni sahihi. Mwalimu naye akaanza hesabu yake, kwa kidole, juu ya paja, chini ya mkoba. Alitaka tu kujua jibu mapema ili moyo utulie. Akaondoa kulomu, kipimo cha chaji: chaji iingie mara mbili, igawanywe kwa epsiloni. Vizuri. Akaondoa kilo kwa kugawanya kwa namba ya Planck. Kilichobaki kilikuwa mita kwa sekunde. Akakiweka kando ya kasi ya nuru, nayo pia mita kwa sekunde. Akajaribu hivi, akajaribu vile.

Kidole kikasimama.

Swali lile halikuwa na jibu. Usingeweza kupata mita kutoka kwa herufi zile nne hata ungekaa hapo hadi mvua ya masika.

Alimtazama Kipngeno. Uso wa mhadhiri haukumpa chochote. Amesahau kuandika namba ya tano? Au ameamua msichana ashindwe, na hii ndiyo njia safi ya kumshindisha? Nje jenereta ilikuwa ikinguruma, na upepo ulikuwa ukirusha mchanga kwenye kioo.

Ubaoni Nyanut alikuwa ameandika mlingano wa vipeo, akautatua, ukaishia sifuri sawa na moja. Akaufuta. Akaandika tena kwa mpangilio mwingine. Yale yale. Safari hii alifuta kwa kiganja, na vumbi la chaki likamjaa hadi kiwiko.

"Muda unakwenda, binti," alisema Erupe.

"Ndiyo, mzee."

Mugure aliikumbuka siku Nyanut alipomwambia kuwa mama yake ameuza mgao wa mafuta ya kupikia ili anunue tochi ya kusomea. Alijua pia wavulana wawili wa darasa lake waliokuwa wakingoja nafasi hii iwe wazi. Akisimama sasa na kusema "swali ni bovu," atakuwa amesema kweli, na Nyanut ataondolewa kwa ajili ya ukweli huo. Akinyamaza, msichana huenda akalazimisha jibu, abandike kipeo hapa, apindishe kingine pale, alimradi awape wazee mita waliyoitaka. Watoto hufanya hivyo. Hata watu wazima, wakibanwa.

Nyanut aligeuka. Macho yake yakaenda moja kwa moja kwa mwalimu wake.

Mugure akainamisha uso. Lilikuwa jambo gumu kuliko yote aliyowahi kufanya darasani au nje ya darasa.

Aliposikia chaki tena, iliandika kidogo, ikanyamaza. Erupe akatazama saa yake.

"Haya. Urefu ni upi?"

"Hakuna, mzee," alisema Nyanut.

"Hakuna nini?"

"Hakuna urefu. Hii swali haina jibu."

Erupe alimgeukia Kipngeno, kisha Mugure, kana kwamba mmoja wao amemchezea. "Binti, umepewa swali na daktari. Unamwambia daktari swali lake halina jibu?"

Nyanut hakurudi nyuma. "Chaji iko na kulomu. Kuitoa hiyo kulomu nalazimika kutumia epsiloni, njia nyingine haiko. Halafu kilo inatolewa na Planck. Nikishatoa, nabaki na kasi. Na hii c pia ni kasi. Niko na kasi mbili tu." Akagonga ubao mara moja. "Kasi ukigawanya kwa kasi, vipimo vyote vinakufa, inabaki namba tupu. Ukizidisha, sekunde bado iko. Mita haitoki peke yake. Haiwezi."

Kipngeno alikunjua mikono.

"Nipeeni uzito wa elektroni," aliongeza kwa sauti ya chini, "nitawapa urefu sasa hivi."

Kipngeno alisogea mbele kitini. "Chukua."

Nyanut akaandika namba ya Planck juu, uzito na kasi ya nuru chini, akavifuta vipimo kimoja kimoja mbele yao. Ikabaki mita. Akaweka chaki chini.

"Bwana Mwenyekiti," alisema Kipngeno, "hilo swali nililitunga hivyo makusudi. Aliyekariri hakosi jibu, atakutengenezea lolote. Huyu hakuvujishiwa. Andika hivyo."

Erupe aliusoma ubao hadi mwisho. Kisha akaandika.

Nje, Kipngeno aliwafuata hadi uani. Alimpa Nyanut mkono, akampongeza, akamwambia nafasi yake iko salama na mwezi wa tisa wataonana chuoni. Alipomgeukia Mugure na kumnyooshea mkono, mwalimu alibaki ameshika mkoba wake kwa mikono yote miwili.

"Ungeniambia," alisema Mugure.

"Ningekuambia, uso wako ungemwambia yeye."

Ilikuwa kweli, na hilo halikumpunguzia hasira hata chembe. Alimwacha hapo amesimama.

Walikunywa chai kwenye kibanda kando ya stendi. Nyanut alikula chapati ya kwanza bila kuinua kichwa.

"Mwalimu, ulijua haina jibu?"

"Nilijua."

"Kabla nigeuke?"

"Kabla."

Msichana alikikung'uta kiwiko, chaki ikagoma kutoka. "Mimi niliona umeinamisha macho, nikafikiri nimekuaibisha. Karibu niandike uongo."

"Kwa nini hukuandika?"

Nyanut alipangusa vidole. "Niliogopa utanisahihisha kwa gari, mpaka Kakuma."

Mugure alicheka, kisha kicheko kikageuka machozi, akalazimika kutazama upande wa barabara kwa muda. Nyanut alimsogezea kikombe chake cha chai, akaagiza chapati nyingine.