Mawifi Waliochuja Makala

Kwa miezi minane Sista na wifi yake hawakusemeshana. Wakipishana kwenye korido ya hospitali, Sista alijifanya anasoma tangazo ukutani, hata kama ni lile la mwaka juzi la ndoo iliyopotea, na wifi yake alijifanya anatafuta kitu mkobani. Ujumbe wa lazima ulipitia kwa kaka yake Sista, ambaye ndiye mume wa wifi, na ambaye alikwisha kujibandika jina la Posta.

"Mwambie dada yako sahani zake ziko kwangu."

"Mwambie mkeo akae nazo."

Posta alibeba, akafikisha, akachoka.

Chanzo kilikuwa kadi. Binti wa Posta alihitimu chuo, mama yake akaandika kadi za mwaliko, na kwa bahati mbaya akakosea tarehe kwa siku moja. Sherehe ikafanyika Jumamosi, nusu ya viti vitupu. Waliokuja ni walioambiwa kwa mdomo; waliofuata kadi wangefika kesho yake. Sista, ambaye mdomo wake hauna breki, alisimama mbele ya waliokuwepo akasema, "Mkutubi mzima, hajui kusoma kalenda!" Watu wakaangua kicheko. Wifi yake hakucheka.

Sista alikuwa mkuu wa wauguzi katika kliniki ya watoto. Wifi yake alikuwa mkutubi wa chuo cha uuguzi, kilichokuwa ua mmoja na hospitali. Asubuhi moja Daktari wa Watoto, mtu mpole ambaye umbea wa hospitali haumfikii, aliwaita wote wawili ofisini.

"Nataka tujue utafiti unasemaje kuhusu maumivu ya sindano za chanjo kwa watoto wachanga," alisema. "Hapa kwetu kila muuguzi ana mtindo wake. Mmoja anaimba, mwingine anapuliza, mwingine anamwambia mama ageuke asione. Tutafute makala zote, tuzichuje, tuone ni kipi kimepimwa kikaonekana kinasaidia."

Akawaeleza habari za programu aliyokuwa ameiweka kwenye kompyuta mbili za maktaba. Unaingiza makala ulizotafuta, nayo inakuletea moja moja, kichwa na muhtasari. Ukitaka makala ibaki, unabofya kijani. Ukitaka itoke, unabofya nyekundu na kuandika sababu.

"Kila mmoja atachuja zote peke yake," Daktari aliendelea. "Programu inaficha majibu ya mwenzako mpaka mwisho. Na tafadhali, msizungumze kabisa kuhusu makala hizo, ili mmoja asimvute mwenzake. Mtaweza?"

"Hilo halina shida," walijibu kwa pamoja, kisha kila mmoja akakunja uso kwa kuudhika kwamba wamejibu pamoja.

Sista hakumngoja mkutubi. Miaka ishirini na sita ya kudunga sindano, nani amfundishe kutafuta habari za sindano? Aliingia maktaba, akaandika maneno ya Kiingereza ya sindano na mtoto, akabonyeza, na makala elfu tisa zikamiminika. Akajiona bingwa. Akafungua ya kwanza: mafuta yanavyosukumwa ndani ya injini za dizeli, kazi ambayo Waingereza huiita kudunga sindano. Ya pili: jinsi ya kutengeneza ndoo za plastiki, kwa neno lilelile. Ya tatu ilihusu majani membamba ya misonobari, ambayo Waingereza nayo huyaita sindano.

Alitoka kwenda kunywa maji ili apoe. Aliporudi alikuta karatasi juu ya kibodi, mwandiko umenyooka kana kwamba umeandikwa kwa rula: "Sista, umeweka 'au' mahali pa 'na', ndiyo maana zimekuja hata zenye neno moja tu. Humu kuna makala mia sita za matrekta. Niachie hadi kesho."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza kutoka kwa wifi yake ndani ya miezi minane, na yalikuwa kuhusu matrekta. Sista aliuma mdomo asicheke.

Kesho yake kazi ilikuwa imekwisha kutandikwa. Wifi alikuwa ametafuta upya kwa kila neno linaloweza kumaanisha chanjo, maumivu na kichanga, kisha akaifanya programu iondoe makala zilizojirudia. Zilibaki elfu moja mia nne na kumi na mbili. Sista alikubali kimoyomoyo, shingo upande, kwamba kazi ilikuwa safi.

Wakaanza kuchuja, kila siku baada ya chakula cha mchana. Kompyuta zilikuwa zimepeana migongo, hivyo kila mmoja aliona paji la uso la mwenzake tu. Wifi alibofya haraka haraka, kama mvua juu ya mabati. Sista alibofya taratibu, huku akiguna.

Siku ya nne wifi aliangua kicheko peke yake, akajiziba mdomo. Sista alitamani kuuliza, akaendelea kubofya. Kesho yake akaifikia makala yenyewe: watafiti walivaa pua nyekundu za vichekesho ili kuwatuliza watoto, na watoto wote wakalia kabla sindano haijaonekana. Sista alicheka mpaka kiti kikalia. Ng'ambo ya pili paji la uso likainuka, macho yakafuata. Yalikuwa yakicheka pia. Wakatazamana kidogo, kisha wote wakarudi kazini upesi.

Baada ya wiki tatu Daktari alikuja kufungua majibu. Alibofya, akasogeza uso karibu na skrini.

"Mmetofautiana kwenye arobaini na moja tu?" Aliwageukia. "Semeni kweli. Mlikuwa mnanong'onezana?"

"Daktari," alisema Sista, "mimi na huyu hatujasalimiana tangu mwaka jana."

Daktari alivua miwani, akaivaa tena. "Basi hizo arobaini na moja mtazisuluhisha mkiwa mmekaa meza moja," alisema. "Kwa mdomo." Akatoka haraka.

Wakavuta viti. Makala ya tatu Sista alikuwa ameitupa nje, na sababu aliyoandika ni kwamba waliochunguzwa walikuwa watu wazima.

Wifi alisoma muhtasari. Waliochunguzwa walikuwa na umri wa wiki sita.

Masikio ya Sista yalipata moto. Maktaba ilikuwa imejaa wanafunzi. Neno moja la sauti kubwa lingetosha. Lakini wifi yake aliinama na kusema kwa sauti ya chini, "Ulikuwa umechoka. Angalia, hii uliichuja Ijumaa saa kumi jioni. Tunairudisha, yamekwisha."

Sista alibofya kijani, makala ikarudi.

"Wifi," alisema hatimaye, "siku ile nilikuaibisha mbele za watu. Ilinipasa nikuvute pembeni. Nisamehe."

Wifi alizungusha kalamu mezani. "Niliumia," alisema. "Niliumia sana. Lakini kosa kweli lilikuwa langu. Nilitazama kalenda ya jikoni, kumbe ni ya mwaka uliopita. Nilipogundua, niliichanachana nikaitia motoni, kaka yako asije akaiona."

Wakatazamana, kicheko kikawashinda. Walicheka wakishikana mabega, hadi mwanafunzi wa meza ya jirani, ambaye mkutubi alikuwa amemnyamazisha mwaka mzima, akapata nafasi yake. "Shhh!" alisema, kwa raha zake zote.

Zilizobaki walizigombania kweli kweli, mmoja akipiga meza, mwingine akichomoa kamusi. Posta alipofika kumchukua mkewe, alisikia sauti tangu ngazini. Aliingia mbio, mikono juu. "Jamani, jamani! Mpaka kazini?"

"Kaka, subiri nje," Sista alimwambia bila kugeuka. "Tumebakiza sita."

Makala zilizopita mchujo ziliposomwa kwa ukamilifu, walileta majibu kwenye mkutano wa wauguzi. Wifi alisoma muhtasari wao. Sista alisimama na taulo lililokunjwa, akaonyesha jinsi mama atakavyompakata mtoto na kumnyonyesha wakati wa chanjo, badala ya kumlaza kitandani.

"Na mimi ninayeimba?" aliuliza muuguzi mmoja kwa wasiwasi. "Niache?"

Mawifi waliinamiana, wakashauriana kidogo.

"Endelea," alisema Sista. "Kuhusu wewe hatukupata makala."